Sir Arthur Heywood na Reli Yake ya Inchi 15

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani. Nadhani alitazamia nichague mfalme au jemadari, au daktari aliyevumbua dawa. Mimi nimemchagua Mwingereza aitwaye Sir Arthur Percival Heywood, ambaye kwa muda wa miaka zaidi ya 40 alijenga na kuendesha reli ndogo kando ya mlima, karibu na nyumba yake mwenyewe. Watu wapendao reli ndogo wanamjua mahali pote. Wengine huenda hawajapata kulisikia jina lake. Sababu ya kumchagua ni aibu niliyoipata nilipokuwa kidato cha tatu, na sina budi kuieleza kwanza.

Mwaka huo chama chetu cha ufundi kilitengeneza reli ya mfano juu ya meza mbili zilizounganishwa, kila moja urefu wa futi 6 na upana wa futi 3. Injini ilikuwa ya umeme, na mabehewa manne tulipewa na mwalimu mmoja. Mlima tuliufanya kwa magazeti makuukuu na uji wa muhogo. Mimi ndiye niliyechora ramani, nami nilitaka treni ipande mlima, ipite juu ya njia yake yenyewe kwa daraja, kisha iingie katika handaki penye kona. Ili treni ipite juu ya treni nyingine ilihitaji kupanda inchi 3. Nafasi niliyoiacha ya kupandia ilikuwa inchi 30. Hakuna aliyefanya hesabu.

Siku ya wazazi ilipofika, injini ilikwenda vizuri sana mahali pa tambarare. Ilipofika katikati ya mlima magurudumu yakazunguka tu pale pale kama mtu anayekimbia juu ya matope. Nikaisukuma kwa kidole. Ikapanda, ikaingia handakini, na pembe ya behewa la pili ikanasa kwenye mlango wa handaki. Yaliyofuata yakaruka nje ya reli na kuanguka chini mpaka kwenye miguu ya wageni. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwalimu wa hesabu peke yake hakucheka. Jioni aliniita, akaniambia kwamba alikuwapo mtu aliyejenga mlima kama ule ule wangu, wa 1 kwa 10, kwa makusudi kabisa, naye alijua alilokuwa akilifanya. Ndipo nilipoanza kutafuta habari za Sir Arthur.

Alizaliwa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1849, katika ukoo wenye mali. Babu yake, Sir Benjamin Heywood, alikuwa mwenye benki katika mji wa Manchester, na mwaka 1838 alipewa cheo cha baronet, ambacho hurithiwa na mwana wa kwanza. Arthur alikulia katika nyumba iitwayo Dove Leys, karibu na kijiji cha Denstone katika jimbo la Staffordshire, na kutoka nyumbani aliweza kuona treni zikipita bondeni. Jamaa zao walisafiri kwa treni kwenda Manchester, na wakati wa likizo walikwenda mbali mpaka kaskazini ya Uskoti. Mtoto akaambukizwa ugonjwa wa reli, na hakupona maisha yake yote.

Baba yake naye alipenda kazi ya mikono. Alikuwa na mashine nzuri ya kukereza vyuma, akatengeneza mapambo kwa kujifurahisha tu, na Arthur akawa msaidizi wake. Alipokuwa kijana wa miaka kama 18 hivi aliweza kutengeneza mwenyewe reli ya mfano yenye injini ya mvuke, upana wake inchi 4. (Nikisema upana wa reli, maana yangu ni nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na cha pili.) Lakini wadogo zake hawakutosheka na kutazama, walitaka kupanda. Basi akatengeneza nyingine ya inchi 9. Hiyo iliwabeba, ila haikutulia: mtoto akiinama upande mmoja, gari nalo huinama. Jambo hilo dogo alilikumbuka baadaye.

Alisoma Eton, kisha mwaka 1868 akaingia chuo cha Trinity, Cambridge. Huko alifanya urafiki na madereva wa treni, wakamchukua pamoja nao juu ya injini. Mwaka 1872 alimaliza masomo yake katika sayansi ya ufundi. Sasa ikaja taabu. Mtu wa ukoo kama wake, ambaye siku moja angerithi cheo na mashamba, haikuonekana vema afanye uhandisi kuwa kazi ya mshahara. Angeweza kuwinda, kukaa barazani kama hakimu, kuhudhuria kanisa na kusimamia mali. Kushika spana kwa ujira, hapana. Wasomaji wasifikiri kwamba hayo ni ya Uingereza tu. Hata kwetu Uganda wako wazee ambao wangeona haya mwana wao akipaka grisi mikononi baada ya kusomeshwa kwa gharama kubwa.

Mwaka huo huo wa 1872 alimwoa jamaa yake, Margaret Effie Sumner. Hapa niseme neno litakalowashangaza wengi. Mama mkwe wake, Mary Sumner, ndiye aliyeanzisha chama cha Mothers' Union, mwaka 1876, katika parokia ya Old Alresford alikokuwa mumewe padri. Fikira za kuanzisha chama hicho zilimjia bintiye huyu alipojifungua, naye akakumbuka jinsi alivyotaabika mwenyewe alipokuwa mama mpya. Basi chama ambacho mama zetu wengi wa Kianglikana ni wanachama wake, na treni ndogo ninazozieleza hapa, vilitoka katika jamaa moja na karibu katika miaka ile ile.

Maarusi walihamia nyumba iitwayo Duffield Bank, karibu na mji wa Derby, ambako kampuni kubwa ya reli ya Midland ilikuwa na makao yake na karakana zake. Nyumba ilisimama ubavuni mwa kilima kikali. Mtu mwingine angeona kwamba hapo si mahali pa kujenga reli. Heywood aliona ndipo hasa.

Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa likijaribu reli nyepesi za inchi 18 kwa kuchukulia mizigo vitani, na majaribio hayakufaulu sana. Heywood akaanza kujiuliza: ni upana gani ulio mdogo kabisa ambao treni inaweza kufanya kazi ya kweli, kubeba watu na tani za mizigo, bila ya kupinduka? Inchi 9 alikwisha kuijaribu kwa wadogo zake, akajua haitoshi. Akachagua inchi 15, yaani karibu sentimita 38. Kijana wa shule yetu akisimama wima, miguu yake mmoja juu ya chuma cha kulia na mwingine juu ya cha kushoto, hata hapanui sana. Mwaka 1874 alianza kujenga.

Reli ilianzia karibu na shamba na karakana yake, ikapanda kilima kwa mwinuko wa 1 kwa 10 na 1 kwa 12, ikafika juu penye tambarare kidogo ambapo aliizungusha. Kona zake nyingine zilikuwa na nusu-kipenyo cha futi 25 tu, ambayo ni mara 20 ya upana wa reli. Kulikuwa na mahandaki, stesheni, na daraja refu la nguzo za mbao. Njia yote pamoja ilikuwa kama maili moja. Aliyaweka hayo yote magumu pamoja kwa kusudi, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba reli ndogo inafaa kwenye uwanja wa mpira tu.

Na sasa wavumilie kidogo wale wasiopenda hesabu, maana bila ya hesabu hii mtu hawezi kuona ushujaa wake. Injini haivuti kwa nguvu ya mvuke peke yake. Huvuta kwa sababu magurudumu yake yanashika reli, na chuma juu ya chuma hushika kidogo: robo ya uzito, au sehemu ya tano, na penye umande au majani hupungua tena. Tuseme injini ina tani 5, na inashika kwa sehemu ya tano, yaani kwa nguvu ya tani 1. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 10, uzito wake mwenyewe unairudisha nyuma kwa nguvu ya nusu tani. Imebaki nusu tani ya kuvutia mabehewa, na mabehewa nayo yanarudi nyuma kwa sehemu ya kumi ya uzito wao. Kwa hiyo haiwezi kuvuta zaidi ya tani 5, uzito ulio sawa na wake, na hapo bado hatujatoa msuguano wa kona. Lakini ukiulaza mlima ule ukawa 1 kwa 50, injini ile ile inapoteza sehemu ya kumi ya tani tu kwa kujipandisha yenyewe, na hesabu ya karatasini inaipa mabehewa ya tani 45. Ndiyo maana wajenzi wa reli hukubali kuzunguka maili nyingi kukwepa mlima mmoja. Ndiyo maana pia injini yangu ya umeme, iliyokuwa nyepesi kuliko mabehewa yake manne, ilizungusha magurudumu mbele ya wazazi.

Hesabu hiyo inaleta amri moja: mlimani, uzito wote wa injini ukae juu ya magurudumu yanayosukumwa. Gurudumu lolote linalobingirika bure linakula uzito na halivuti. Basi injini iwe na magurudumu sita au manane, yote yafungwe pamoja na yote yavute. Lakini kona inaleta amri ya pili iliyo kinyume kabisa. Magurudumu sita yaliyofungwa katika mstari mmoja ulionyooka hayataki kupinda. Penye kona kali hukwama, husaga reli, au hupanda juu yake na kutoka nje. Kwa ajili ya kona, injini iwe fupi, yenye magurudumu manne tu. Mlima unasema ongeza, kona inasema punguza. Wahandisi wengi walichagua moja, wakaivumilia hasara ya pili.

Injini yake ya kwanza, Effie, ya mwaka 1875, ilikuwa na magurudumu manne. Ilifanya kazi, lakini hakuridhika. Kwa injini ya pili, Ella, iliyokuwa tayari mwaka 1881, alibuni ufundi ambao kwa maoni yangu ndio kazi yake kubwa maishani. Magurudumu sita yote yalivuta. Lakini magurudumu ya mbele na ya nyuma hayakukazwa juu ya ekseli yenyewe. Yalikazwa juu ya bomba lililoizunguka ekseli, na bomba hilo liliungana na ekseli katikati kwa kiungo cha mviringo, kama nyonga inavyoungana na paja. Ekseli ya katikati iliweza kusogea kushoto na kulia. Injini ilipoingia kwenye kona, ile ya katikati ilisukumwa upande na reli, nayo kwa mikono ya chuma ikayageuza mabomba ya mbele na nyuma, kila jozi ya magurudumu ikaelekea inakotakiwa. Kona yenyewe ndiyo iliyokuwa usukani. Mwaka 1894 alimaliza injini ya tatu, Muriel, yenye magurudumu manane, yote yakivuta na yote yakipinda katika futi 25.

Boila nayo ilimsumbua. Injini za kawaida zina jiko la makaa linaloning'inia chini nyuma, nalo huzuia ekseli zisikae mahali pake, au huning'inia nyuma ya gurudumu la mwisho na kuinua mbele wakati wa kupanda. Yeye akaliweka jiko ndani ya boila kama bomba ndani ya pipa. Kwa njia hiyo uzito uligawanyika sawasawa juu ya magurudumu yote. Tena akafanya boila fupi. Fikirini: boila yenye urefu wa futi 5 ikiwa juu ya mwinuko wa 1 kwa 10, maji upande mmoja yanasimama inchi 6 juu kuliko upande wa pili. Kichwa cha jiko kikiachwa kikavu na moto uko chini yake, chuma hulainika na boila hupasuka. Boila ndefu mlimani ni kaburi.

Lazima niseme na upungufu wake, maana wasifu usio na upungufu ni hotuba ya mazishi. Jiko lile la bomba lilikuwa dogo. Lilitoa mvuke wa kutosha kwa safari fupi, kama zile za Duffield, lakini si kwa mwendo mrefu bila ya kupumzika. Heywood aliijaribu injini yake kwa kupanda na kukata kona. Kwenda mbali kwa kasi hakukuijaribu sana, kwa kuwa hakuwa na mahali. Nadhani kila mtu anayefanya majaribio nyuma ya nyumba yake hupatwa na jambo hili: hushinda maswali yaliyomo uani mwake.

Kuhusu nafasi ya kupita, alikuwa mwangalifu kuliko nilivyokuwa mimi. Alitengeneza mabehewa marefu, yapata futi 20, kila moja juu ya vigari viwili vya magurudumu manne vinavyozunguka. Lilikuwapo hata behewa la kulia chakula, na behewa la kulala lenye vitanda. Sasa behewa refu kwenye kona halikai juu ya reli. Tumbo lake linaingia ndani ya kona na ncha zake zinatoka nje. Tuseme vigari viko umbali wa futi 13 kimoja kwa kingine. Kwenye kona ya futi 25, tumbo linaingia ndani karibu inchi 10, na ncha zinatoka nje karibu inchi 14. Handaki lililochimbwa kwa kupima upana wa behewa likiwa limesimama penye njia iliyonyooka litalinasa behewa hilo bila shaka yoyote. Mwalimu wangu alinifundisha dawa: funga penseli ncha ya behewa na nyingine ubavuni katikati, lipitishe polepole juu ya karatasi penye kona, kisha jenga handaki nje ya mistari. Tulifanya hivyo, tukaona kwamba mlango wetu ulikuwa mwembamba kwa upana wa kidole.

Pia tuliubomoa mlima wetu. Njia ya kupandia tukaizungusha pembezoni mwa meza, tukaipa inchi 150 badala ya 30, na pale tambarare inapokutana na mlima tukainyanyua kidogo kidogo, maana pindo la ghafla hunyanyua magurudumu ya mbele na kufungua ndoana za mabehewa. Tuliacha mabehewa mawili kabatini. Treni ikapanda. Hakuna mzazi aliyekuwapo kuiona.

Nirudi Duffield. Sir Arthur alitumaini kwamba watu wakiona watanunua. Mwaka 1881 alichapisha kwa gharama yake kitabu kidogo kuhusu reli za upana mdogo, chenye hesabu za gharama, mataruma, makutano ya njia na mabehewa. Chapa ya tatu ilitoka mwaka 1898. Alifungua reli yake kwa wageni, na wengi walikuja: wahandisi, wenye mashamba, maofisa. Walipanda, wakapita daraja, wakastaajabu jinsi injini ndogo inavyopanda ukuta, wakashukuru, wakaenda zao. Jeshi alilolifikiria tangu mwanzo halikununua.

Mteja mmoja tu wa maana alipatikana. Duke wa Westminster alikuwa na jumba kubwa, Eaton Hall, karibu na mji wa Chester, nalo lilihitaji makaa ya mawe, matofali na vitu vingine kutoka njia kuu ya reli huko Balderton, umbali wa maili kama 3. Heywood aliijenga reli hiyo mwaka 1895, ikafunguliwa mwaka 1896. Injini ya kwanza iliitwa Katie. Shelagh ikafuata mwaka 1904, na Ursula mwaka 1916. Reli hiyo haikuwa na milima mikali. Ilifanya kazi yake kimya kimya, mvua na jua, mpaka ilipofungwa baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mwaka huo wa 1896 ndio ulioanza ujenzi wa reli yetu kutoka Mombasa, yenye upana wa mita moja, iliyofika Kisumu mwaka 1901 baada ya kuvuka vilele vya Mau, zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari, na iliyofika Kampala mwaka 1931. Penye mteremko wa Kikuyu wajenzi walilazimika kwa muda kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, kwa kuwa mlima ulikuwa mkali kuliko injini. Na reli nyembamba kama zile alizozihubiri Heywood zilikuwako pwani pia: mjini Mombasa watu walisukuma vigari vya abiria juu ya vyuma vyembamba katikati ya njia, na mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalichukulia majani juu ya reli ndogo mpaka kiwandani. Lakini hizo hazikuwa za inchi 15. Sehemu nyingi za dunia zilifuata upana wa sentimita 60, aliouza Mfaransa Decauville, ambaye alikuwa mfanyabiashara, tena alikuwa na kiwanda. Heywood alikuwa na kilima na hoja nzuri.

Baba yake alipofariki mwaka 1897, akawa Sir Arthur, baronet wa tatu. Wale wasiojali reli wanamkumbuka kwa jambo lingine kabisa: kengele za kanisa. Waingereza wana desturi ya kupiga kengele nyingi kwa kupokezana, kila mtu na kamba yake, kwa utaratibu unaobadilika kila raundi bila ya kurudia, nao ni mchezo wa hesabu kama ulivyo muziki. Heywood alikuwa mpigaji hodari. Mwaka 1891 alianzisha Baraza Kuu la wapiga kengele, akawa rais wake wa kwanza, na akabaki rais mpaka kufa. Sioni ajabu kwamba mtu aliyeweza kuzipatanisha ekseli nne katika kona moja aliweza pia kuwapatanisha wapiga kengele.

Alifariki tarehe 19 Aprili 1916, vita vikiwa vimepamba moto. Wakati ule ule majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakijenga nyuma ya mahandaki ya vita maili nyingi za reli nyepesi, za kuchukulia mizinga, chakula na majeruhi, na Waingereza wakawafuata. Hoja yake ya ujanani, kwamba reli ndogo inaweza kulilisha jeshi, ilithibitishwa na vita, lakini kwa upana wa sentimita 60. Sijui mahali popote katika maisha yake panaponisikitisha kuliko hapo.

Reli ya Duffield Bank ilifungwa, vitu vikauzwa. Hata hivyo mnunuzi mmoja alikuwa tayari. Huko Ravenglass, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, reli ya zamani iliyokuwa imekufa ilianza mwaka 1915 kufufuliwa kwa upana wa inchi 15, chini ya Bassett-Lowke, muuza reli za mfano maarufu. Injini zake zilikuwa nzuri kwa macho, zimefanana na injini kubwa za abiria kwa kila kitu isipokuwa ukubwa, lakini njia ya Ravenglass ina maili 7, ina milima, na baadaye ilibeba mawe ya kujengea. Vitu vizuri kwa macho vilichakaa upesi. Basi Katie alikwenda huko kutoka Eaton, na Ella na Muriel kutoka Duffield, pamoja na mabehewa ya mizigo.

Huko ndiko injini za Heywood zilikopimwa kwa mwendo mrefu, na ule upungufu wa boila niliousema ukaonekana. Ella alivuliwa boila yake, sehemu zake zikatumiwa kutengeneza injini ya mafuta. Muriel alipata bahati zaidi. Mwaka 1927 walirefusha fremu, wakamwekea boila mpya yenye jiko la kawaida, wakamwita River Irt, jina la mto wa jirani. Yale magurudumu manane yakaachwa chini yake. Mpaka leo River Irt yupo Ravenglass na huvuta wageni kuelekea milimani, na chini ya mwili wake mpya iko kazi iliyoanzwa mwaka 1894 katika karakana ya bwana mmoja ambaye hakuruhusiwa na ukoo wake kuwa fundi.

Picha yake ninayo, imebandikwa juu ya meza ya reli katika chumba cha ufundi, kwa wale mtakaofika siku ya wanafunzi wa zamani. Mlango wa handaki ni ule ule, ila umepanuliwa.